Mimi Sikuwepo

Kuna ndege mmoja amekuwa akinisumbua kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na ndege mwenyewe alikufa zaidi ya miaka 250 iliyopita. Aliuawa kwa jiwe. Aliyelirusha alikuwa mtoto wa mkulima huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mto Tyne. Mtoto huyo alipokua akawa mchonga picha ambaye Waingereza hadi leo wanamtaja kwanza wakizungumzia picha za ndege zilizochapwa kwa ubao na wino. Anaitwa Thomas Bewick.

Wapenzi wa riwaya mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Mnakumbuka Jane Eyre inavyoanza? Yatima amejificha dirishani nyuma ya pazia, nje mvua, mapajani ana kitabu cha ndege. Anatazama picha za miamba na bahari za kaskazini, anasahau kidogo nyumba aliyomo. Kitabu hicho si cha kubuni. Charlotte Brontë, aliyechapisha riwaya yake mwaka 1847, alimpa Jane kitabu halisi cha Bewick, History of British Birds, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka 1797 na ya pili 1804. Na kumbukeni kinachofuata: binamu yake anamnyang'anya kitabu, anamrushia, Jane anaanguka na kupasuka kichwa. Kitabu cha ndege kimetumika kama jiwe. Sidhani Brontë alikusudia nikisome hivyo, lakini ndivyo ninavyokisoma sasa.

Bewick alizaliwa mwaka 1753 mahali paitwapo Cherryburn. Baba yake alilima kidogo na alikodi mgodi mdogo wa makaa ya mawe. Alipofika miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa fundi mchoraji wa nakshi, Ralph Beilby, ambaye baadaye alikuwa mshirika wake. Mwaka 1776 alikwenda London kama vijana wote wenye kipaji, na hakumaliza hata mwaka. Alirudi kwao akisema ni heri achunge kondoo kilimani kuliko kubaki kule hata angelipwa vipi. Tangu hapo hakuhama tena. Kwa miaka mingi, wazazi wake walipokuwa hai, kila wiki alitembea kwa miguu kutoka Newcastle hadi Cherryburn, zaidi ya kilomita 15, iwe mvua iwe theluji, kwenda kuwaona. Alichokiona njiani kikaingia kwenye ubao.

Ubao wenyewe unahitaji kuelezwa, maana ndio kazi yote. Picha za ubao zilikuwepo zamani, lakini nyingi zilichongwa kwenye ubao uliopasuliwa kufuata nyuzi za mti, kama mbao za dari, kwa kisu, na mistari yake ilikuwa minene. Bewick alitumia mti mgumu uitwao box, uliokatwa kwa kukingama, upande ule unaoonyesha miviringo ya umri. Fikiria gogo la buchani, lile linalokatiwa nyama: uso wake wa juu ndio upande ninaousema. Upande huo nyuzi zimesimama, hazichaniki, na unaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele kwa kitindi cha chuma. Kwa kuwa mti huo haunenepi, picha zake nyingi za ndege hazizidi upana wa kiganja. Na kuna jambo moja zuri zaidi: kila anachokikwangua kinabaki cheupe kwenye karatasi, na kile asichokigusa ndicho kinachoshika wino. Kwa hiyo Bewick hakuchora giza. Alikaa na kipande cheusi mbele yake akawa anatia mwanga, unyoya mmoja baada ya mwingine.

Halafu ubao ule ulikuwa na kimo kimoja na herufi za risasi, hivyo ndege na maneno yake yakapigwa chapa pamoja, kwenye ukurasa mmoja, kwa mashine moja. Picha za shaba hazikuweza hilo; zilihitaji mashine yake. Ndiyo maana kitabu kilimfikia mtu asiye tajiri.

Mwisho wa sura, palipobaki nafasi tupu, Bewick aliweka vipicha vidogo visivyohusiana na ndege kabisa. Mkulima anavuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe ili asilipe ushuru wa daraja, na upepo umeondoka na kofia yake, ambayo nadhani ilikuwa ghali kuliko ushuru. Kipofu anavushwa na mtoto. Katika kitabu chake cha awali cha wanyama wa miguu minne, cha mwaka 1790, mtoto mdogo anavuta mkia wa farasi huku mama yake anakimbia kuja, na ukiangalia vizuri utaona aliyepewa kazi ya kumtunza yuko na mpenzi wake. Mimi naweza kukaa na vipicha hivi saa nzima. Kuna ucheki na kuna ukatili, na mara nyingi viko kwenye kipande kimoja cha sentimita chache.

Sasa turudi kwa ndege.

Uzeeni, kuanzia mwaka 1822, Bewick aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa ajili ya binti yake Jane. Alifariki Novemba 1828 na kitabu kikachapishwa mwaka 1862. Humo anasimulia jinsi alivyokuwa mtoto mtundu, na jinsi siku moja alivyorusha jiwe mtini na kumwangusha ndege mdogo mwenye kifua chekundu, bullfinch kwa lugha yao. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kumshika ndege aliyemwangusha mwenyewe. Akamwokota akiwa bado hai. Ndege akamtazama usoni, naye akahisi kwamba kama angekuwa na sauti angemuuliza kwa nini amemtoa uhai. Alimgeuza geuza, akayatazama manyoya yake. Anasema huyo ndiye ndege wa mwisho aliyemuua kwa mkono wake.

Angeishia hapo, ningefunga kitabu. Hadithi ya mtoto aliyetubu tumezisoma nyingi mno, nyingine zilikuwa kwenye vitabu vya darasa la nne. Lakini mzee hakuishia hapo. Mara tu baada ya kusema hakuua tena, anaongeza, kwa maneno machache tu, kwamba hata hivyo wengi wameuawa tangu siku hiyo kwa ajili yake.

Na ni kweli, wengi. Mwaka 1791 alikwenda Wycliffe kukaa karibu miezi miwili akichora ndege waliokaushwa na kujazwa, mkusanyiko wa bwana mmoja tajiri, Marmaduke Tunstall, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alichora kwa bidii. Kisha akalinganisha michoro yake na ndege halisi na akaona tofauti: ndege wa kujazwa husimama alivyotaka aliyemjaza, shingo imepinda ambako haipindi, manyoya yamelala ovyo. Michoro mingi akaiacha. Akaamua kusubiri ndege walio hai, au waliouawa siku hizo hizo. Habari zikaenea. Marafiki, mabaharia, maafisa wa jeshi, watu wenye bunduki na nafasi, wakaanza kumtumia vifurushi. Ndege wakawasili Newcastle wakiwa bado na rangi.

Nikubali kwamba hapo ndipo niliposimama. Kinachotufanya tumpende Bewick ni kwamba ndege wake wanaishi. Ukimwangalia bundi wake unahisi amekusikia. Na uhai huo wa kwenye karatasi ulitegemea jinsi kifo kilivyokuwa cha karibuni. Kadiri ndege alivyopigwa risasi jana badala ya mwaka juzi, ndivyo picha ilivyopumua.

Shuleni tulikaririshwa kauli za vitenzi: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendesha. Hatukuambiwa kwamba kauli ya kutendea ni swali zima la maadili. Nikisema fundi amenikatia mti, hujui bado kama nilimtuma na nimemlipa, au mti ulikuwa wangu na ameniharibia. Ameniulia nyoka: asante. Ameniulia mbwa: tutakutana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kiambishi ni kile kile. Mpaka uone uso wa msemaji ndipo ujue kama anashukuru au analalamika. Ile nyongeza ya Bewick naisikia kwa Kiswahili na naisikia kwa pande zote mbili: ndege waliuawa kumfaidi, na kila mmoja alikuwa hasara yake, maana ni yeye aliyewapenda kuliko waliowapiga.

Msiniambie mambo haya ni ya watu wa zamani. Jumamosi nikienda sokoni namchagua kuku, kijana anaulizia, "Dada, nikuchinjie?" Nami nasema nichinjie, nitapita kuchukua, kisha naenda kwenye nyanya. Nikirudi kuna mfuko. Sijawahi kuua kuku maishani mwangu, na hilo ni kweli kabisa, na halina maana yoyote.

Kuku hanikoseshi usingizi, lakini. Kinachonikosesha ni kitu kingine.

Miaka sita iliyopita mvua kubwa ilinyesha na mtoto mmoja akasombwa kwenye mtaro. Niliandika habari ile nikiwa chumba cha habari. Nilipiga simu kwa mjumbe, kwa polisi, kwa jirani. Nilihakiki umri wa mtoto mara tatu. Mpiga picha wetu ndiye aliyekwenda msibani. Alirudi na picha ambayo mhariri aliitazama akanyamaza, kisha akasema ukurasa wa kwanza. Mama yuko chini kwenye mkeka, kichwa wazi, kanga imeangukia bega, mdomo umefunguka. Huwezi kuitazama na usisikie sauti. Habari ile ilisomwa sana. Kuna watu walisema ilichangia mtaro kufunikwa, na mtaro kweli ulifunikwa, ingawa ni baada ya miezi mingi na siwezi kuapa kwa nini.

Siku mbili baada ya kuchapishwa nikapigiwa simu.

"Dada, wewe ndiye mwandishi wa ile habari ya mtoto?"

"Ndiyo, kaka. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Nataka kujua nani aliwaambia mumpige picha dada yangu akiwa vile. Hana kitu kichwani. Wakwe zake wameiona."

Nikamjibu, "Kaka, mimi sikuwepo. Alikwenda mpiga picha."

Akanyamaza kidogo. "Haya dada. Asante." Akakata.

Sikudanganya. Ndiyo shida yenyewe. Lile jibu lilikuwa la kweli kama lilivyo la kweli la kuku.

Najua mama aliyefiwa si ndege, na atakayesema nimemshusha hadhi atakuwa na haki ya kukasirika. Sifananishi waliodhurika. Nafananisha waliokuwa mbali wakati dhara linatokea, na kilichobaki mikononi mwao, ambacho katika hali zote mbili ni picha nzuri.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, nilipomweleza haya aliniona nachimba shimo pasipo na maji. Hoja yake haikuwa nyepesi. Enzi zile, alisema, ungemjuaje ndege bila kumshika? Hakukuwa na kamera. Bila waliopigwa risasi kitabu kisingekuwepo, na bila kitabu vizazi vya Waingereza visingejifunza kumtazama ndege kama kitu cha kutazamwa, si cha kulengwa tu. Piga hesabu, aliniambia, ndege wangapi wamepona kwa ajili ya wale waliokufa. Na mtaro umefunikwa, au haukufunikwa?

Nimejaribu kupiga hesabu hiyo na inanishinda, na si kwa sababu sina namba. Inanishinda kwa sababu anayepiga hesabu ni yule aliyepata faida. Bullfinch hakuulizwa kama anakubali kuwa mtaji. Mama wa mtoto hakuulizwa. Nikisema picha yake imefunika mtaro, natumia kitu alichonipa wakati hakujua anatoa. Huenda angekubali. Ningemuuliza, huenda angesema, "Ngoja nijifunge kanga, piga." Hilo ndilo linaloniuma, kwamba picha ingeweza kupatikana kwa namna nyingine na isingekuwa kali hivyo, na mimi nilifurahi kwamba ni kali.

Mwaka 1827 Bewick alitembelewa na John James Audubon, mchora ndege wa Marekani. Audubon alikuwa mwindaji hodari. Ndege zake aliwapiga mwenyewe, akawafunga kwa nyaya juu ya ubao wangali laini, akawapa mikao ya uhai, akawachora. Wakakaa pamoja Newcastle, mzee wa miaka 73 na mgeni wake, na inaelekea walipendana, maana Audubon alimpa ndege mmoja wa Marekani jina la Bewick. Nimejiuliza nani kati yao ana mikono safi zaidi. Zamani ningesema Bewick bila kufikiri. Sasa sina hakika. Audubon angalau alijua uzito wa kila mmoja, alisikia mlio. Wa Bewick walifika wamenyamaza, wamefungwa kwenye kifurushi, na barua ya heshima juu yake.

Lakini kuna kisa kingine kwenye kumbukumbu zile kinachonifanya nisimwache mzee huyu. Akiwa bado mtoto alifuatana na wawindaji wa sungura na mbwa wao. Sungura akazingirwa, na katika vurugu ile mtoto akamdaka mikononi. Sungura akalia kama mtoto mchanga. Bewick anasema angetoa chochote kumwokoa. Akatokea mkulima mmoja mtu mzima, akamwambia nipe. Mtoto akaona huyu ni mkubwa, ataweza kumlinda kuliko mimi, akampa. Yule bwana akamvunja sungura mguu mmoja kisha akamwachia mbele ya mbwa, ili mchezo uendelee kidogo.

Mzee wa miaka sabini anamwandikia binti yake hayo, na hajitetei kwamba alikuwa mdogo, ingawa alikuwa mdogo kweli. Anaeleza alichokidhani na alichokifanya: alimkabidhi. Nimesoma maungamo mengi ya wasanii, na mengi yao yananuka sabuni. Mtu anasema kosa ili asafike mbele yetu. Haya ya Bewick hayajasafisha kitu. Baada ya bullfinch aliendelea kupokea vifurushi kwa miaka. Hakujifanya aliacha. Alichofanya ni kukataa kuihesabu sentensi ya kwanza bila ya pili: sikuua tena, na wengi waliuawa kwa ajili yangu. Mtu angeweza kuita huo unafiki. Mimi nadhani unafiki ni kuandika ile ya kwanza peke yake, kama nilivyofanya mimi kwenye simu.

Hata hivyo nisimpambe. Kuna mambo ambayo hakuyahesabu kwa ukarimu huo. Vipicha vingi vya mwisho wa sura tunavyovisifu viliguswa na mikono ya wanafunzi wake; Robert Johnson alichora baadhi, Luke Clennell alichonga baadhi, na kwenye jalada jina ni moja. Maneno ya juzuu ya kwanza yaliandikwa zaidi na Beilby, na wakagombana kuhusu nani atajwe. Kwa ndege alikuwa mwepesi wa kukiri kuliko kwa binadamu wenzake. Sijui kama hilo ni la ajabu. Ndege hawaji kudai.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule kaka. Namba yake ilikuwa bado kwenye simu yangu, nimeihifadhi kwa jina la mtaa wao. Haipatikani. Nikamtafuta mpiga picha wetu, ambaye siku hizi anapiga za harusi, nikamuuliza siku ile ilikuwaje, aliombaje ruhusa, alisimama wapi.

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, wewe si ndiye uliniambia nisirudi bila sura ya mama?"

Nikamwambia siwezi kuwa nilisema hivyo. Akasema haya, labda nimesahau mimi. Akanipa pole ya kazi, tukaagana.

Usiku nikafungua simu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaiacha ichaji mpaka ikawaka. Ujumbe upo. Saa tano na dakika kumi asubuhi, kutoka kwangu kwenda kwake. Nimemtumia picha ya ujumbe huo, nikamwandikia kwamba hakusahau yeye.